Mcheza Kwao Hutuzwa

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutuzwa. Msemo huu umezoeleka hata maana yake hupita masikioni kama upepo. Mchezaji aingiapo uwanjani, jamaa na majirani hutoka mmoja mmoja wakamtia fedha mkononi au wakambandika katika paji la uso, naye huzidi kucheza kwa furaha. Katika desturi hiyo mna mambo mawili yaliyofungamana. La kwanza ni kuwa mtuzaji hutoa kwa sababu amependezwa. La pili ni kuwa hutoa hadharani, mbele ya macho ya wengine, wala hamnong'onezi mchezaji sikioni acheze namna gani. Tuzo hufuata mchezo, haiuamrishi.

Lakini methali haisemi neno juu ya ukubwa wa kwao. Kwao kwaweza kuwa mji wenye watu elfu wa kutuza, na kwaweza kuwa kijiji chenye nyumba tano. Mtu akicheza katika kijiji cha nyumba tano, hata wakimtuza wote, atarudi kwake na fedha isiyotosha chakula cha jioni. Je, aache kucheza? Au ahamie mji mkubwa, akacheze ngoma za wenyeji wa huko? Au wenye nyumba tano wafanye shauri jingine, wamtengee fungu katika mazao yao kabla hajaingia uwanjani? Na wakisha kumtengea fungu, ni nani atakayemzuia mzee wa kijiji asimwambie, "Sasa utacheza nipendavyo mimi"? Maswali haya si ya fumbo. Liko taifa moja la kisiwa ambalo limeyakabili kwa zaidi ya karne moja, likakosea, likajisahihisha, na habari zake zafaa kuzingatiwa na watu wote walio wachache na wenye lugha yao.

Taifa hilo ni Aisilandi, katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini. Kwa ardhi si dogo, maana lina kilomita za mraba 103,000. Udogo wake ni wa watu. Lilipotangazwa kuwa jamhuri, tarehe 17 Juni 1944, watu wake walikuwa kama 127,000. Na leo, baada ya kuongezeka sana, ni karibu laki nne tu. Sehemu kubwa ya nchi ni barafu, majabali, na mawe yaliyomiminwa na milima ya moto. Miti ya kujengea ni adimu, nafaka haistawi, na kwa karne nyingi riziki ya wenyeji ilitoka kwa kondoo na samaki. Tangu mwaka 1262 walikuwa chini ya mfalme wa Norwe, kisha wakawa chini ya mfalme wa Denmaki, mpaka walipopata mamlaka yao wenyewe mwaka 1918 na jamhuri mwaka 1944.

Watu maskini namna hiyo walitazamiwa wasiwe na vitabu. Kinyume chake, katika karne ya 13 na ya 14 waliandika visa vingi vya mababu zao kwa lugha yao wenyewe, si kwa Kilatini, juu ya ngozi za ndama. Kimoja katika vitabu hivyo huitwa Flateyjarbók, kwa jina la kisiwa kidogo cha Flatey kilikohifadhiwa baadaye. Kilianza kuandikwa mwaka 1387 kwa agizo la mkulima tajiri aliyeitwa Jón Hákonarson, na waandishi wake walikuwa makasisi wawili. Kurasa zake zilihitaji ngozi za ndama 113. Jambo hili lastahili kutuliwa kidogo. Ndama 113 ni mali ya kutosha kumwoza binti wa mtu mwenye cheo, au kulisha ukoo katika miaka ya njaa. Mkulima yule alitazama kundi lake, akaona kuwa ndama akichinjwa huliwa siku mbili tatu, lakini habari ikiandikwa juu ya ngozi yake hukaa. Alichinja, akawalisha makasisi wake, akawapa wakati wa kuandika. Huo ulikuwa ufadhili wa sanaa kabla neno hilo halijabuniwa.

Kitabu hicho hakikukaa nyumbani. Mwaka 1656 askofu Brynjólfur Sveinsson alikipeleka kwa mfalme wa Denmaki kuwa zawadi. Nusu karne baadaye mwanachuoni mwana wa nchi, Árni Magnússon, alizunguka mashamba yote akiokota kurasa za ngozi, nyingine zimekwisha kukatwa kuwa vielelezo vya nguo na soli za viatu, akazipeleka Copenhagen alikofanya kazi. Mwaka 1728 moto mkubwa uliunguza mji ule na sehemu ya hazina yake. Basi watu wa kisiwa kile walibaki na lugha vinywani na visa kumbukumbuni, na maandishi yenyewe yakawa ng'ambo ya bahari. Walipoanza kudai mamlaka yao katika karne ya 19, hawakuwa na jeshi wala migodi ya dhahabu wala miji mikubwa ya kuonyesha. Walikuwa na lugha na vitabu. Kwa watu wengine fasihi ni pambo la taifa. Kwao ilikuwa hati ya kumiliki nyumba.

Kwa hiyo yaeleweka kwa nini, mwishoni mwa karne ya 19, bunge lao liitwalo Althingi lilianza kutenga fedha kidogo kwa ajili ya washairi, katika nchi ambayo barabara zilikuwa chache na watu wengi walikuwa bado wanaishi katika nyumba za udongo na majani. Hesabu yenyewe ni rahisi. Na achukuliwe mwandishi wa leo, ambaye watu ni wengi zaidi kuliko wakati ule. Ikiwa katika kila watu mia moja mmoja anunua kitabu chake, jambo ambalo katika nchi nyingi lingehesabiwa kuwa ajabu, hatauza hata nakala elfu nne. Riwaya iliyomchukua miaka mitatu haitamlipia pango la mwaka mmoja. Wala udogo wa nchi haupunguzi gharama ya kazi. Simfoni ya Beethoven haipunguziwi wapigaji kwa sababu mji ni mdogo. Mchezo wa kuigiza wenye watu kumi hauchezwi na wawili kwa sababu viti ni vichache. Soko ni mizani nzuri kwa samaki na pamba, lakini mizani yake huanza kupima penye uzito fulani, na lugha ya watu wachache haifikii uzito huo.

Fedha zilitafutwa kwa njia ambazo huchekesha na kufundisha pamoja. Mwaka 1923 ilitungwa sheria ya kodi juu ya tafrija, ili kila aendaye kutazama sinema au kucheza dansi achangie ujenzi wa nyumba ya michezo ya kuigiza ya taifa. Ujenzi ulianza karibu na mwaka 1930, fedha zikakatika, nyumba ikasimama miaka mingi kama fuvu. Wakati wa vita jeshi la Uingereza likaifanya ghala. Na hatimaye milango yake ilifunguliwa tarehe 20 Aprili 1950. Mwaka 1928 uliundwa Mfuko wa Utamaduni wa kuchapisha vitabu na kununua picha, na chemchemi yake ilikuwa faini za watu waliovunja sheria za pombe. Hivyo mlevi wa bandarini, bila ya kukusudia, aliwalipia watoto wa mashambani vitabu vyao. Mtu aweza kuucheka mpango huo, lakini hawezi kusema kuwa serikali ilingoja itajirike ndipo ikumbuke sanaa.

Hata hivyo, kupata fedha ni nusu ya kazi, na yaweza kuwa nusu iliyo nyepesi. Nusu nzito ni kuamua apewe nani. Hapo mwanzo majina ya washairi yalijadiliwa na wabunge wenyewe, pamoja na madaraja na bandari, na kila mshairi alipimwa kwa mizani ya siasa. Baadaye uamuzi ulihamishiwa kwa Baraza la Elimu na Utamaduni, na mwenye sauti kubwa humo alikuwa Jónas Jónsson, aliyekuwa waziri kutoka mwaka 1927 mpaka 1932. Haitakuwa haki kumfanya mtu huyu zimwi. Alikuwa mtoto wa shamba, aliipenda nchi yake, na Mfuko wa Utamaduni ulikuwa zao la juhudi yake. Kosa lake lilikuwa lile la wapendao kwa wivu: aliamini kuwa kwa kuwa aipenda sanaa ya nchi, aijua sura yake, na kwa kuwa aijua sura yake, ana haki ya kuichonga kwa fedha za umma.

Mwaka 1942 alitundika ndani ya nyumba ya bunge picha zilizokuwa zimenunuliwa kwa fedha za serikali, si ili zisifiwe, bali ili zichekwe. Zilikuwa kazi za wachoraji wa mtindo mpya, miongoni mwao Þorvaldur Skúlason na Gunnlaugur Scheving. Mwaka huo huo wa vita, mambo ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kutendwa Ujerumani, na wasanii wa Aisilandi hawakukosa kuona mfano. Walipinga kwa sauti moja. Leo kazi za wachoraji wale zimo katika jumba la sanaa la taifa, na hakuna atajaye maonyesho yale ila kwa kuyastaajabia.

Jambo la pili lilimhusu mwandishi Halldór Laxness. Katika miaka ya 1934 na 1935 alitoa riwaya iitwayo Sjálfstætt fólk, juu ya mfugaji maskini wa kondoo aliyeshika uhuru wake kwa ukaidi hata ukawamaliza wake zake na watoto wake. Wengi waliiona riwaya hiyo kuwa tusi kwa mkulima, na mkulima alikuwa nguzo ya taifa. Siasa za mwandishi zilikuwa za mrengo wa kushoto, na hilo lilizidisha hasira. Karibu na mwaka 1940 posho yake ilipunguzwa sana. Alipotaka kuchapisha visa vya kale kwa tahajia ya siku hizi, ili mvuvi na mfanyakazi wavisome bila taabu, mwaka 1941 ilitungwa sheria ya kuiwekea serikali haki ya kuvichapisha vitabu vyote vilivyoandikwa kabla ya mwaka 1400. Laxness na wenzake walichapisha kimoja mwaka 1942, wakashitakiwa, wakatiwa hatiani. Kisha mwaka 1943 Mahakama Kuu kabisa ikawaachilia, kwa kuwa sheria ile ilipingana na uhuru wa kuchapisha uliomo katika katiba. Mwaka 1955 mwandishi huyo huyo alipewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi, na sababu iliyotajwa ni kuwa aliifufua sanaa kuu ya masimulizi ya Aisilandi, yaani sanaa ile ile aliyoshitakiwa kuwa anaiharibu.

Funzo lake halikuwa kwamba serikali iondoe mkono. Hilo ndilo jambo la ajabu, na ndilo lenye hekima. Watu walioumizwa na mfuko wangeweza kusema, "Na ufungwe." Hawakusema hivyo, kwa kuwa walijua hesabu ya nyumba tano. Walisema badala yake kwamba mkono utoao fedha na jicho lichaguaye mchezaji visiwe vya mtu mmoja. Marekebisho yalikuja polepole: sheria moja mwaka 1967, nyingine mwaka 1991, na nyingine mwaka 2009. Kwa utaratibu uliotokea, bunge huweka kiasi cha fedha na kunyamaza. Waziri huteua kamati za watu watatu watatu, lakini kwa mapendekezo ya vyama vya wasanii wenyewe. Msanii hupeleka maelezo ya kazi anayokusudia, na akikubaliwa hulipwa mshahara wa miezi kadhaa: mitatu, sita, mwaka, au zaidi. Hauitwi msaada wala sadaka. Huitwa mshahara wa wasanii, na majina ya waliopewa hutangazwa kila mwaka ili kila mtu ayaone.

Kipimo chake ni mwezi. Kwa sheria ya mwaka 2009, jumla ilipandishwa kutoka miezi 1,200 hadi kufikia miezi 1,600 kwa mwaka. Katika hiyo, waandishi walipata 555, wachoraji na wachongaji 435, watunzi wa muziki 190, watu wa jukwaani 190, wapigaji wa muziki 180, na wabunifu wa vitu 50. Miezi 1,600 ni sawa na kuwalipa watu 133 kwa mwaka mzima. Si jeshi kubwa. Meli mbili tatu za uvuvi na kiwanda kimoja cha samaki huajiri watu wengi zaidi. Lakini msomaji na autazame vizuri mwaka wenyewe. Mwezi Oktoba 2008 mabenki makubwa matatu ya nchi ile yalianguka kwa muda wa siku chache, fedha ikapoteza thamani, watu wakapoteza nyumba. Katikati ya dhiki hiyo ndipo bunge lilipoongeza mishahara ya wasanii. Na bandarini Reykjavík palikuwa na jumba kubwa la muziki, Harpa, lililojengwa nusu likaachwa wazi kwa kuwa matajiri waliolianzisha walifilisika. Serikali na mji waliamua kulimaliza. Wapo waliosema kuwa ni wazimu kujenga nyumba ya nyimbo wakati watu wanakosa nyumba za kulala. Lilifunguliwa mwezi Mei 2011, na mwaka 2013 likapata tuzo ya Ulaya ya ujenzi iitwayo kwa jina la Mies van der Rohe.

Haifai kuusifu utaratibu huu kana kwamba hauna doa. Kila mwaka majina yatangazwapo, manung'uniko huamka pamoja nayo. Katika nchi ya watu laki nne, mchaguzi na mchaguliwa huenda walisoma shule moja, au mmoja alioa kwa mwingine, au mmoja alipata kuandika vibaya juu ya kitabu cha mwenzake. Jónas alichagua kwa macho ya mtu mmoja. Kamati yaweza kuchagua kwa macho ya kundi moja, na kundi nalo lina mapenzi yake na visasi vyake. Kijana asiyejulikana aweza kusimama mlangoni muda mrefu wakati wakongwe wanaingia na kutoka. Dawa ya maradhi hayo, yaani kubadili wachaguzi mara kwa mara na kutangaza majina, hupunguza homa lakini haiiponyi kabisa. Anayetafuta mfuko wa umma usio na lawama atafute kwanza umma usio na ndimi.

Yako pia manung'uniko mazito zaidi, nayo ni ya mvuvi. Huamka usiku, huingia baharini penye baridi ya kukata vidole, hulipa kodi, na sehemu ya kodi hiyo humlisha mtu akaaye chumbani penye joto akitafuta vina. Hawezi kujibiwa kwa dharau. Akiambiwa kuwa haelewi sanaa, ametukanwa na hajajibiwa. Wala jibu la kuwa wasanii huleta watalii na fedha za kigeni halitoshi, ingawa ni kweli kuwa huleta. Kwa maana siku watalii wakikatika, jibu hilo nalo litakatika. Jibu la kweli liko katika neno analolitumia mvuvi mwenyewe kulalamika. Analalamika kwa Kiaisilandi. Ana majina kwa lugha hiyo ya kila aina ya wimbi, upepo na theluji. Hakuna mtu nje ya kisiwa kile atakayemtunzia maneno hayo. Lugha kubwa hujitunza kama mto mkubwa ujazwavyo na vijito. Lugha ndogo ni kisima, na kisima kisichotekwa wala kusafishwa hufukiwa na mchanga.

Hatari hiyo si ya kubuni. Watoto wa Aisilandi siku hizi hucheza, hutazama na huongea na vyombo vinavyojua Kiingereza kabla ya kujua Kiaisilandi. Ndiyo sababu tangu mwaka 2019 serikali humrudishia mchapishaji robo ya gharama za kitabu kilichotolewa kwa lugha ya nchi, bila kuuliza kitabu chenyewe kinasema nini. Hapo tena kanuni ile ile yaonekana: lugha ndiyo sharti, na yaliyomo ni ya mwandishi na msomaji wake.

Na kwamba mvuvi mwenyewe alijua jambo hili, ushahidi upo. Baada ya mabishano ya miaka mingi mahakamani na bungeni, Denmaki ilikubali kurudisha maandishi ya kale. Tarehe 21 Aprili 1971 manowari ya Denmaki, Vædderen, ilitia nanga Reykjavík. Maelfu ya watu walisimama gatini. Hawakuja kumpokea mfalme, wala timu iliyoshinda, wala meli ya chakula. Askari wa majini waliteremka ngazi wamebeba vitabu viwili vya ngozi, kimoja kikiwa Flateyjarbók. Katika umati ule walikuwamo wauza samaki, mafundi, walimu na watoto wa shule. Wengi wao hawakuwa wamepata kukiona kitabu kile hata siku moja, lakini habari zilizomo walizijua, na lugha yake waliweza kuisoma, ingawa ilikuwa imepita karibu miaka 600. Jina la mkulima Jón Hákonarson limo katika ukurasa wa kwanza, kwamba kitabu ni chake. Ndama zake 113 walikuwa wamerudi zizini.